Neno la Tatu

"Watu arobaini na moja!" nilimwambia. "Umeuliza watu arobaini na moja, Musafiri. Umevuka maji, umepanda lori mpaka Kampene, na mimi niko hapa Mikelenge, mwendo wa kumaliza ndizi moja kutoka kwako. Mimi hukuniuliza!"

"Usipige makelele. Baba yako anasikia."

"Asikie!"

"Mwanvua, mama, tafazali..."

"Usiniite mama. Si umekuja na kaye yako? Soma basi. Soma nisikie watu wamesema nini juu ya ndoa yangu."

Nilikuwa uani kwa baba yangu, nyuma ya nyumba, natwanga sombe, majani ya muhogo. Alasiri ilikuwa imepita. Musafiri alisimama karibu na mlango wa ua kwa sababu kila nilipomsogezea kigoda alikitazama miguu, mmoja mmoja, akakiogopa. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilicheza ndani ya ukosi wa koti lake la abakosti kama mchi ndani ya kinu kikubwa. Nilimchukia kwa kukonda vile, na papo hapo nilitaka kumpakulia sahani ya wali.

Akafungua kaye, lile daftari la shule lenye jalada la bluu ambalo halikumtoka mfukoni.

"Makumi mbili na sita wanasema tatu," alisoma. "Kumi na moja wanasema mbili. Watatu wanasema moja. Na mumoja wa Lokandu, ule wa samaki ya moshi, anasema ine."

"Ine?"

"Ine. Nilimuuliza tena. Akasema ine, na kama naendelea kumusumbua itakuwa tano."

Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka. Miezi mitatu ya kulia, na mtu huyu alikaribia kunichekesha.

Kwa msomaji asiyekuwa Kindu wakati ule, nieleze haraka. Mume wangu alikuwa mchekeshaji. Hakuwa na ngoma wala kundi. Alisimama peke yake mbele ya watu akazungumza, basi. Walimwita Citoyen Mashaka, na alichowachekeshea ni woga wake mwenyewe: mtu anayerudi mara saba kutazama kama amefunga mlango, anayenusa mchuzi kabla ya kuula, anayemwuliza daktari kama ugonjwa wa jirani unaweza kuruka ukuta. Watu walidhani anaigiza. Mimi niliyelala naye miaka minne nilijua haigizi kitu. Alitapika nyuma ya ukumbi kila mara kabla ya kupanda jukwaani. Akirudi nyumbani mikono yake ilikuwa baridi, na swali lilikuwa lile lile: "Walicheka kweli, ao walinihurumia?" Kisha alifungua kaye na kuandika majina ya wale ambao hawakucheka.

Baba hakumtaka tangu mwanzo. "Ule muntu anafungua mudomo mbele ya kujua nini itatoka," alisema. "Leo watu wanacheka. Kesho itatoka kitu, na weye njo utalia."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Alinijia mara ya kwanza na suruali, nimpunguzie urefu. Akarudi kesho yake kuuliza kama miguu yote miwili iko sawa. Nikapima mbele yake. Akarudi tena. Mara ya nne nilisimamisha mashini ya kushona kwa mguu, nikamtazama usoni, nikamwambia, "Citoyen, suruali haina shida. Sema unachotaka." Akasema, "Nataka kujua kama unaolewa." Hakuna mwanamume aliyewahi kuwa mwoga mbele yangu kwa ujasiri ule. Na mimba yetu ilipotoka, mwaka wa pili, wanaume wengine wangekwenda barazani kupokea pole. Yeye alikaa chini karibu na kitanda siku tatu, anapasha maji moto, anakamua kitambaa, hasemi kitu. Siku tatu bila mzaha hata mmoja. Nilimpenda kwa siku zile kuliko kwa vicheko vyote.

Sasa ile jioni. Ilikuwa sikukuu, ukumbi wa watu wa reli umejaa mpaka madirishani. Mimi nilikaa mstari wa pili, nimevaa kitenge kipya. Musafiri alikuwa anaigiza mwanamume anayehesabu vipande vya samaki ndani ya chungu, kila akihesabu kimoja kinapungua, mpaka anaamini kuwa mke wake anataka kumwua kwa njaa. Mke katika mchezo alikuwa hana jina. Jioni ile, sijui shetani gani alimpitia, akampa jina. Langu.

"Mwanvua!" alipaza sauti. "Nimekuacha!"

Watu wakashtuka, kisha wakacheka. Akaenda hadi ukingo wa jukwaa, akageuka. "Mwanvua! Nimekuacha!" Ukumbi ukapasuka. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Alikuwa amenifundisha mwenyewe, nyumbani, kanuni yake ya kazi. Kitu cha kuchekesha kinasemwa mara tatu. Ya kwanza wanashangaa, ya pili wanacheka, ya tatu wanaanguka. Kila mtu aliyemjua Mashaka aliijua ile ya tatu kabla haijatoka.

Usiku ule nililala kwa baba. Kesho yake asubuhi Mwalimu Bulaimu wa msikiti alikuja, amevaa kanzu ya Ijumaa na siku ilikuwa Jumatatu. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba katika ndoa na talaka hakuna mchezo: mume akitamka, ametamka, hata kama anacheka. La pili, kwamba hesabu ni ya mume. Kama alitamka mara mbili, anaye bado, na anaweza kumrudisha kwa neno moja kabla eda haijaisha. Kama alitamka mara tatu, hana mke. Musafiri mwenyewe hakukumbuka alitamka ngapi. Akahesabu eda yangu kwa vidole, akaniambia siku yake ya mwisho.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Baba hakuniuliza, Mwalimu hakuniuliza. Nilimtumia Musafiri maneno mawili kwa mdomo wa jirani: njoo uniulize. Hakuja. Alikuwa anauliza wauza samaki.

Na siku ya mwisho, kwa hesabu ya Mwalimu Bulaimu, ilikuwa leo, jua likizama.

"Nipe hiyo kaye," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Nipe."

Alinipa kwa kuogopa kwamba nitaitia kwenye sombe. Nilifuta mikono, nikarudisha kurasa nyuma, nyuma zaidi, kwenye maonyesho ya zamani. Majina ya wasiocheka. Fundi wa taa. Mke wa mkuu wa stesheni. Mwanvua. Ukurasa uliofuata: karani wa posta, Mwanvua. Uliofuata: Mwanvua. Nilikuwa kila ukurasa, miaka minne.

"Hii ni nini?"

Akatazama chini. "Weye hukuchekaka."

"Musafiri."

"Hata siku moja. Nilikuwa natazama watu mia mbili wanacheka, na weye unakaa kama uko ku matanga. Nikasema, huyu njo ananijua. Huyu anaona kama siko kitu."

Nilikaa juu ya kigoda alichokiogopa.

"Nilikuwa ninahesabu pumzi zako," nilimwambia. "Ulikuwa unapanda pale umetoka kutapika. Nilikuwa naangalia kama magoti yanakushika. Nilikuwa najua fasi zote mbili ambazo unasahau maneno, na nilikuwa nayasema tumboni ili yakufikie. Ningecheka saa ngapi? Nani angekushika?"

Macho yake yalijaa, na akanitazama kama alivyonitazama siku ya suruali, kwa ule woga ulio na ujasiri ndani yake. Nilihisi mwili wangu mzima unamwendea, miguu tu ndiyo iliyobaki chini.

"Sijapanda tena," alisema polepole. "Tangu ile siku. Kule Kampene wachimbaji walinijua, wakanisimamisha juu ya meza. Wakataka ile. 'Nimekuacha! Mashaka, tuambie nimekuacha!' Nikakataa. Wakanipiga na maganda ya ndizi. Nikasema, kama nitasema hata kwa jina la bibi mwingine, nitakuwa nimeongeza. Sitapanda tena, Mwanvua. Mudomo wangu naufunga."

"Mimi sitaki ufunge mudomo. Nataka useme neno moja."

Kutoka barazani mbele ya nyumba nilimsikia baba akikohoa. Kile hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Mwalimu Bulaimu alikuwa naye, wanangoja magharibi, na kila mmoja alijua mwenzake anasikiliza nini.

"Niulize," nilisema.

"Naogopa."

"Umeuliza watu makumi ine na mumoja hukuogopa. Juu ya nini mimi?"

"Sababu wale, kama jibu halinifai, naenda kwa mwingine. Kisha yako, hakuna mwingine. Yako njo nitapashwa kuamini."

Hapo nilimpenda tena yote. Nilisimama, nikamsogelea mpaka niliweza kusikia harufu ya sabuni ya mawese kwenye abakosti aliyoifua mwenyewe, vibaya.

"Basi uliza, bwana yangu."

"Mwanvua. Nilisema mara ngapi?"

"Mbili."

Alifumba macho.

"Sikiliza," nilimwambia. "Nilikuwa mstari wa pili, nilikuona kuliko ulivyojiona. Mara ya tatu ulikuja mbele, ukafungua mudomo. Macho yako yakaangukia kwangu. Ukabaki vile, mudomo wazi, na sauti haikutoka. Watu walikuwa wamekwisha kuanguka. Walijua ya tatu inakuja, masikio yao yakaimalizia wenyewe. Njo sababu makumi mbili na sita wanasema tatu. Hawakudanganya. Lakini weye hukusema. Uliniona ukanyamaza. Mara moja katika maisha yako yote, uliniona ukanyamaza."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka hivyo. Ilikuwa kama mtu ametuliwa gunia la chumvi begani. Akanishika mkono wenye mchi, vyote pamoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua la barabarani.

"Mbili," alisema.

"Mbili. Sasa sema. Mwanvua, nimekurudisha. Sema kwa nguvu, wale wazee wasikie, nikachukue nguo zangu."

"Mwanvua," alisema. "Nimeku..."

Nilingoja. Mkono wake ulianza kupoa juu ya wangu. Niliusikia unapoa, kama sufuria iliyotolewa motoni.

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

"Lakini makelele yalikuwa mingi. Pengine nilisema chini chini, makelele ikafunika."

"Nilikuwa naangalia mudomo wako, Musafiri. Haukufunga. Huwezi kusema nimekuacha bila kufunga mudomo ku 'm'. Jaribu."

Alijaribu. Masikini, alijaribu kweli, pale pale, kimya, mdomo wazi, na alipogundua anachojaribu kutamka alijiziba kwa viganja viwili na kupauka.

"Nimesema? Sasa hivi, nimesema?"

"Hukusema!"

"Uko na hakika?"

"Ee Mungu wangu. Niko na hakika. Sasa na ile siku."

"Sababu kama ilikuwa tatu na nakurudisha, tutakuwa tunaishi katika zinaa. Mutoto tutakayezaa atakuwa wa haramu. Njo nitalala na ile mawazo, kila siku. Mwanvua, apa."

"Niape?"

"Apa tu mara moja, nitapumua."

Nikaapa. Nilimtaja Mungu, nikataja kaburi la mama yangu na kile kitoto kisichopata jina. Kule mbele baba aliacha kukohoa.

Musafiri alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akafungua kaye yake, akachukua biki, akasimama na ncha juu ya karatasi. Hakuandika.

"Nakuamini," alisema. "Usikasirike. Nakuamini. Lakini muntu anaweza kuapa kwa kile alitaka kusikia. Haiko uongo. Moyo unamudanganya sikio. Weye unanipenda, si ndiyo? Basi pengine kwa sababu unanipenda..."

"Pengine?"

"Kuna fundi wa taa. Yeye hakuchekaka, alikuwa anasikiliza vizuri. Amehamia Obokote kwa ndugu zake. Kama ningepata lori kesho..."

"Kesho eda imekwisha."

"Najua. Najua. Lakini kuliko kukosea..."

Nilimtazama. Nilimtazama kama ninavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, kwa sababu ukishakata huwezi kurudisha. Niliiona kesho, nikamwona amelala pembeni yangu akitazama dari: uko na hakika? Niliona mtoto wetu wa kwanza, na baba yake anamwinamia kitandani, na swali likiwa machoni mwake hata kama mdomo umefunga. Ningeapa kila jioni mpaka nife. Na kila asubuhi kiapo kingekuwa kimekwisha nguvu, kama chai ya jana.

Jua lilikuwa limefika juu ya mabati ya jirani. Lilibaki kidogo.

"Musafiri," nilisema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Tatu."

Akainua kichwa.

"Zilikuwa tatu," nilisema. "Nilidanganya. Nilitaka kurudi kwako, nikadanganya. Ulisema tatu."

Nilingoja aseme: uko na hakika? Wallahi, nilingoja. Kama angeuliza mara moja tu, kama angesema apa, ningemtupia mchi miguuni na kumkumbatia, na maneno yote ningeyameza. Mara ya kwanza na ya pili na ya tatu nilimwambia habari njema, na hakuipokea. Hii moja mbaya, nilingoja aitilie shaka.

Mabega yake yakashuka. Pumzi ndefu ikamtoka, ile aliyokuwa ameishika miezi mitatu. Uso wake ulikuwa na huzuni, siwezi kusema uongo, lakini chini ya huzuni niliona kitu kingine, na kitu kile kilinimaliza. Alikuwa amepumzika.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tu."

Akaandika. Makumi mbili na saba.

Niliweka mchi chini. Nilipita jikoni, nikapita chumba cha kati, nikatokea barazani nikiwa na majani ya sombe mikononi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Mwalimu Bulaimu alikuwa anajiandaa kwenda kutawadha, mikono ya kanzu imepandishwa.

"Baba. Mwalimu," nilisema. "Nilikuwa ukumbini ile siku, mstari wa pili. Zilikuwa tatu."

Baba alinitazama. Alikuwa amesikia kiapo changu, si kiziwi. Aliyetaka tatu tangu mwanzo alikuwa yeye, na sasa amepewa, uso wake ulizeeka mbele yangu.

"Mwanvua," alisema taratibu. "Mwanangu. Fikiri."

"Nimefikiri, baba."

Mwalimu alimgeukia Musafiri, aliyekuwa amenifuata hadi mlangoni. "Weye njo uliyesema. Hesabu ni yako. Unakubali tatu?"

Sikugeuka. Nilisikia karatasi ya kaye ikifunguliwa, ikifungwa.

"Nakubali," alisema Musafiri.

"Basi imekwisha," alisema Mwalimu, na akashusha mikono ya kanzu yake kama mtu aliyesahau alichotaka kuosha.

Tulirudi uani wawili, kwa sababu njia yake ya kutokea ilikuwa kule. Alitaka kusema kitu. Nilimwonyesha mlango kwa kidevu. Alisimama kidogo, akanitazama mikono, shingo, macho, kwa mpangilio, kama anayehakikisha kwamba hajasahau chochote ndani ya nyumba. Kisha akatoka, akavuta mlango wa ua nyuma yake.

Kutoka upande wa msikiti adhana ilianza.

Nilisikia hatua zake zinakwenda, zinasimama, zinarudi. Komeo likatikiswa kutoka nje, kuona kama limefunga. Hatua zikaenda. Zikarudi. Komeo likatikiswa tena.

Nilichukua mchi kwa mikono miwili, nikaanza kutwanga kwa nguvu zangu zote, ili nisisikie kama kuna ya tatu.